Picha ya feri ya mwaka 1994: mbona hii iliyotikisika ndiyo inayosimamisha watu?

#1 Binti_Kibokoni

Asalaam aleikum wanabaraza.

Swali hili nimelala nalo tangu mfungo wa Ramadhani, leo nalileta kwenu.

Babangu, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa wale wapiga picha wa Likoni feri hapa Mombasa, upande wa kisiwani. Wakubwa mtawakumbuka: kibanda, pazia la kuchorwa nyuma, ndege yapaa, meli kubwa, maghorofa ya ng'ambo, na mteja kasimama mbele na miwani ya kuazima. Kazi nimeirithi mimi. Napiga harusi, na mara mojamoja nauzia tovuti picha za habari: mafuriko, maandamano, mikutano ya kisiasa.

Juzi nikisafisha chumba chake nimekuta mkebe wa biskuti umejaa negativu, zile filamu zilizooshwa. Nyingi ni za wateja. Bahasha moja kaandika kwa penseli "Aprili 94", basi, hakuna neno jingine. Ndani yake kuna mama amesimama pale wanaposhukia abiria, katupa mgongo ubavuubavu, anatazama maji. Kajitanda leso. Mkononi ana makubadhi ya kiume. Nyuma yake yuko muuza kahawa na dele lake, na vikombe mkononi vimetulia. Mwajua wenyewe, muuza kahawa wa mji huu havitulizi vikombe. Picha ndiyo hiyo. Haina maiti, haina feri. Tena imetikisika, imelala upande, na mbele kabisa bega la mtu limekatiza kona.

Kwa wasiozaliwa wakati huo: Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, watu 272 wakafa.

Nimeichapisha nikaitundika sebuleni kwa binamu yangu pamoja na zangu kumi na mbili ninazoziona bora, zote kali, zote na mwanga wa alfajiri niliouamkia. Kila aingiaye asimama kwenye ile moja. Mtoto wa miaka tisa, Mtongwe hata haijui, akauliza, "Mwenye viatu yuko wapi?"

Dai langu: picha kubwa ya habari haitokani na ustadi. Yatokana na kuwepo, na kuwa na sababu ya kuwepo. Nipingeni. Picha nimeiambatisha.

#2 Chuma_cha_Reli

Nimeketi hapa. Uzi mzuri huu.

#3 Fundi_Lenzi

Shukran kwa kuileta. Sasa nakupinga.

Kwanza, picha haikutikisika. Tazama bomba la uzio kushoto: limenyooka, ukingo wake mkali. Mama amekaza. Muuza kahawa amekaza. Waliofutika ni wanaopita. Kamera ikitikisika hutikisa vyote, haichagui. Hiyo ni shata ya polepole, yaani lenzi iliachwa wazi kitambo kidogo, pengine sehemu moja ya thelathini ya sekunde, kwenye mkono uliotulia. Babako aliona umati unakwenda na watu wawili wamesimama, akaiacha shata ifute wanaokwenda. Kama hilo si ustadi, niambie ustadi ni nini.

Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga mwaka 1932 nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris: mtu anaruka dimbwi, kisigino hakijagusa maji. Picha yote imo katika ule upenyo kati ya kisigino na maji. Kuwepo stesheni walikuwepo mamia. Aliyeuona upenyo ni mmoja. Yeye naye alisema kilichomsukuma kwenye kamera ni picha ya Martin Munkácsi ya vijana watatu wakikimbilia majini, ile ijulikanayo kwa jina la Ziwa Tanganyika.

#4 Mkuu_wa_Tanga

Wakuu, mmesikia? Tanganyika ndiyo mama wa upigaji picha duniani. Uzi ufungwe.

#5 Mvita_Kindakindaki

Usifunge mapema. Wako wanaoiandika hiyohiyo kuwa ni ya Liberia, na tazama mawimbi yale, yana povu la pwani. Ziwa lenu mkalitafute kwingine.

#6 Nahodha_Mstaafu

Mwazungumza shata. Mimi naona makubadhi.

Asubuhi ile nilikuwa kazini Shimanzi. Ndugu yangu wa kunifuata alikuwa akikaa Mtongwe na kila siku akivuka kuja kisiwani. Tuliambiwa mambo mchana. Nilikwenda nikakaa ufukweni mpaka usiku, na kesho yake, na kesho kutwa. Watu walikuja na nguo, na vitambulisho, na picha za studio za kusimama mbele ya ndege ya kuchorwa, kuwaonyesha wapiga mbizi ili wamjue mtu wao. Binti, huenda picha nyingine zilikuwa za babako.

Mpaka leo sikumbuki ndugu yangu alivaa nini miguuni siku ile. Nimeitazama picha hii na jibu limekuja lenyewe: makubadhi. Najua si kweli, lakini limeshaingia. Kwangu picha kubwa ni ile inayoacha nafasi wazi, na wewe ukamweka wako.

#7 Binti_Kibokoni

Ami Nahodha, pole sana. Hilo la picha za studio ufukweni silikujua. Baba hakulisema hata siku moja.

#8 Mkuu_wa_Tanga

Pole mzee wangu, Mungu amrehemu nduguyo.

Kwa heshima zote, naona maelezo ya mzee yanaacha shimo. Yule mtoto wa miaka tisa hana wake aliyezama. Kilichomsimamisha yeye ni nini?

Mimi nasema ni swali. Picha ikikupa jibu unapita, ikikupa swali unarudi. Mfano wangu ni mpiga picha Mohamed Amin, mtoto wa Dar. Alipokwenda Korem, Ethiopia, mwaka 1984 na Michael Buerk wa BBC, dunia ilikuwa na takwimu za njaa kwenye meza zake kitambo. Takwimu ni jibu. Zile nyuso zilikuwa swali, na mwaka uliofuata ndipo ikaja ile tamasha kubwa ya Live Aid ya kuchangia wenye njaa.

#9 Mvita_Kindakindaki

Masahihisho mawili. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, 1943. Dar alikulia, na ndiko alikoianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, mwaka 1963. Pili, za Korem zilizotikisa dunia zilikuwa picha za mwendo, za televisheni, zikiwa na sauti ya mtangazaji juu yake. Hapa tuko kwenye picha mnato, haina sauti wala sekunde ya pili. Wa Tanga tuleteeni machungwa, historia tutawasaidia.

#10 Mkuu_wa_Tanga

Nimekubali kuzaliwa, kulea nimebaki nako. Machungwa bei imepanda.

#11 Mwalimu_Zubeda

Nimesoma kuanzia juu. Nashangaa hakuna aliyegusa ile penseli.

Fanyeni jaribio. Bahasha ingeandikwa "Aprili 93". Sasa mama huyu ni nani? Ni mke anayemngoja mumewe, kambebea viatu kwa kuwa vya kazini vimeraruka. Muuza kahawa kachoka tu. Hakuna kilichobadilika ndani ya picha, na picha yote imebadilika. Nusu ya nguvu mnayoipima imo katika maneno mawili yaliyo nje ya fremu.

Ndiyo maana wapiga picha wenyewe huogopa. Eddie Adams alipiga Saigon, 1 Februari 1968, mkuu wa polisi anampiga mfungwa risasi ya kichwa barabarani. Ilimpa tuzo ya Pulitzer, na kwa miaka iliyobaki alihuzunika kwamba watu walimhukumu yule mkuu wa polisi kwa sekunde moja, bila kuuliza ya kabla yake. Au Kevin Carter na ile picha ya msichana mwenye njaa na ndege tai nyuma yake, Sudan 1993. Gazeti lilijaa simu na barua za wanaouliza, msichana alipona? Picha haikuweza kuwajibu, ikabidi gazeti liandike.

Na jambo jingine, Binti. Leso ina jina. Jina lake lasemaje? Huenda ile picha imekuja na maelezo yake yenyewe na hatujayasoma.

#12 Chuma_cha_Reli

Mwalimu, sahihisho dogo. Yule mtoto wa Carter alikuwa mvulana. Lilikuja kujulikana mwaka 2011, waandishi walipofika Ayod, kule picha ilikopigwa, wakaonana na babake. Siku ile ya tai hakufa. Aliishi miaka mingine, akafa kwa homa akiwa mkubwa. Carter mwenyewe alijiua Julai 1994, kabla ya yote hayo kujulikana.

#13 Mwalimu_Zubeda

Shukran. Miaka mingi nimewafundisha wanafunzi "msichana". Nitasahihisha Jumatatu.

#14 Sauti_ya_Bondeni

Nimeivuta leso mpaka kwenye pindo nisome jina. Haisomeki, na si kwa sababu ya ukungu. Herufi zimegeuka! E yatazama kushoto. Binti, umeiskani negativu upande usio wake. Picha yote tunayoijadili siku ya pili hii ni ya kwenye kioo.

#15 Binti_Kibokoni

Ya Rabbi.

Nimekwenda kuangalia. Ni kweli. Namba za pembeni mwa filamu zasoma kinyume. Nimeigeuza, nimeiskani upya, nimeibadilisha kule juu. Niwieni radhi nyote.

#16 Fundi_Lenzi

Hutokea, usijilaumu. Kwa wengine wenye mikebe nyumbani: filamu ina upande unaong'aa na upande mfifu wenye dawa. Ukitaka kujua, soma namba za pembeni. Zikisoma sawasawa mbele yako, unaitazama inavyotakiwa. Na msishike katikati kwa vidole, jasho la Mombasa halitoki kwenye dawa ile. Shikeni kingo.

#17 Sauti_ya_Bondeni

Sasa yasomeka: WEMA HA, halafu mkunjo umemeza.

#18 Kamera_Mkononi

Wema hauozi. Rahisi.

#19 Bi_Mkubwa_wa_Kuze

Au Wema hazina. Nilikuwa nayo hiyo, nyekundu na nyeusi. Usikate shauri kwa herufi mbili, mwanangu. Na mtu akiitwa kukimbilia feri hachagui leso, hutoka na aliyonayo.

#20 Nahodha_Mstaafu

Jina la leso liacheni kidogo. Kuna kubwa zaidi.

Ukisimama pale kisiwani ukielekea Likoni, kushoto kwako ni mlango wa bahari kuu. Kulia ni ndani, bandarini, na ndiko iliko Mtongwe. Ile picha ya mwanzo ilimwonyesha mama yuatazama kushoto. Nilimwona mtu aliyekwisha kukata tamaa, yuatazama bahari inakopeleka vitu visirudi. Nililia kwa hilo. Leo imegeuzwa na yuatazama kulia. Yuatazama Mtongwe. Huyu hajakata tamaa. Huyu angoja.

Sijui niseme nini.

#21 Mkuu_wa_Tanga

Mzee, umenigusa, na papo hapo umetuletea kesi ngumu. Siku mbili tumeguswa na picha iliyokuwa uongo. Kushoto ilikuwa kulia. Haikutupunguzia hata chembe. Basi ukweli una kazi gani hapa? Kama picha iliyogeuzwa yaumiza sawa na iliyo sawa, tunachokiita ushahidi ni nini?

#22 Mvita_Kindakindaki

Iliumiza sawa asiyejua Mombasa. Mzee aijuaye bandari iliumiza kwingine. Hebu rudi namba 20 usome tena, amelilia mambo mawili tofauti. Wewe wa Tanga kushoto na kulia kwako ni maji tu.

#23 Fundi_Lenzi

Na swali la kugusa negativu ni la zamani. Ile picha ya Dorothea Lange ya mama mhamiaji, California 1936, ilikuwa na kidole gumba kwenye kona ya chini, kimeshika nguzo ya hema. Lange alikiona kinaharibu, kikafutwa kwenye negativu. Hadi leo ukitazama vizuri mzuka wake upo. Je, ni uongo? Mimi nasema kidole kile hakikubadilisha habari. Mkuu, hapa kwetu kugeuza upande kumebadilisha mji. Si kosa la kipimo kimoja.

#24 Kamera_Mkononi

Habari zenu wakubwa. Nami napiga, kwa simu zaidi. Kwa maoni yangu inyooshwe, na lile bega la mbele likatwe. Linavuta jicho. Hata Cartier-Bresson aliyesifiwa huko juu ile ya dimbwi aliikata, kulikuwa na ubao wa uzio umemzibia lenzi upande mmoja. Na ile ya watoto wa Vietnam wanaokimbia moto, ya mwaka 1972, ilikatwa kulia ili tumwone yule msichana.

Kuhusu mada: Juni 2024 nilikuwa kwenye maandamano hapa mjini. Nilipiga mia tisa na kitu kwa siku moja. Moshi, mabango, watu wamelala barabarani. Nilipofika nyumbani nikazipitia zote mara mbili na hakuna hata moja niliyoweza kumwonyesha mamangu nikamwambia, hii ndiyo siku yenyewe. Nilikuwepo, tena nilikuwa na sababu. Kwa hiyo dai la Binti kwangu limekataa, na ningetamani lingekubali.

Swali: fremu ya kabla yake na ya baada yake ni zipi?

#25 Binti_Kibokoni

Swali zuri, nami sikulifikiria. Nimeutazama ukanda wote kwenye dirisha.

Fremu ya 14: kijana mbele ya pazia la ndege, tai imepinda, kacheka.
Fremu ya 15: mama.
Fremu ya 16: kijana mwingine mbele ya ndege ileile. Mwanga ni mwingine, kivuli cha kibanda kimehamia. Nadhani ni siku nyingine kabisa.

Alipiga moja tu.

#26 Kamera_Mkononi

Moja. Na mimi mia tisa.

#27 Mvita_Kindakindaki

Filamu ilikuwa pesa. Ukanda wa 36 ni wateja 36. Kila fremu asiyolipwa kaitoa kwenye unga wa watoto. Moja yenyewe ni sadaka.

#28 Mwalimu_Zubeda

Au alipiga moja akaona haya. Wako watu wanaoshusha kamera kwa sababu wameshaona, na kuendelea kutazama ni kumvua mtu nguo.

#29 Fundi_Lenzi

Au alijua imeingia. Mpiga picha mzoefu huisikia mkononi.

#30 Mkuu_wa_Tanga

Mwaka 94 hakuna kioo cha kutazamia nyuma ya kamera, Fundi. Mpaka filamu ioshwe. Asingejua.

#31 Fundi_Lenzi

Mkono hujua kabla ya filamu kuoshwa. Hili siwezi kulithibitisha wala siliachi.

#32 Mzee_Pazia

Salaam. Mwanangu kanisomea uzi huu wote kwenye simu, naandikiwa na yeye.

Nami nilikuwa na kibanda pale feri. Babako, Binti, twajuana, tukigawana dawa za kuoshea. Siku zile za Mtongwe kamera ilikuwa kitu kibaya kushika. Watu walikuwa na uchungu na hasira, na kila mwenye kamera alionekana anafanya biashara ya maiti. Mmoja wetu aling'olewa kamera shingoni, ukanda ukamkata ngozi. Tulifunga vibanda. Siku tatu au nne sikuinua kamera, na si mimi peke yangu.

Kwa hivyo mwasema bega likatwe. Mimi sidhani bega lile ni la mpita njia. Mpita njia angefutika kama wenziwe mliowataja. Bega lile limekaza. Ni mtu kaja kusimama mbele yake amzuie. Fremu ya pili haikuwepo kwa sababu ya huyo.

#33 Kamera_Mkononi

Mzee, nafuta nilichosema. Bega libaki.

#34 Fundi_Lenzi

Nimelitazama tena. Limekaza kweli, ila liko karibu mno na lenzi, halijashika fokasi, ni vigumu kusema. Yaweza kuwa wa pili katika foleni. Sisemi Mzee Pazia kakosea, nasema picha haisemi.

#35 Bi_Mkubwa_wa_Kuze

Nimesubiri muulizane mpaka mmalize. Sasa nauliza mimi: mama huyu nani kamuomba ruhusa?

Wanaume wa uzi huu wamemgeuza kushoto na kulia, wamemsoma pindo la leso, wamemkata bega. Sura yake nusu yaonekana. Miaka thelathini si mingi. Yamkini yu hai, anakaa Majengo au Kisauni, ana wajukuu wenye simu. Mjukuu afungue hapa amwone nyanyake siku ambayo labda hajawahi kuihadithia nyumbani.

Mji huu picha ya mwanamke ilikuwa amana. Tulikuwa tukipiga studio, tena tumejipamba, na mpiga picha akijua zile za kukabidhiwa mkono kwa mkono tu. Hakuwa akizitundika dirishani. Babako bila shaka aliijua desturi hiyo. Aliiweka ndani ya mkebe miaka yote. Hiyo pia ni habari.

Mwakumbuka Januari 2019, shambulio la hoteli ya DusitD2 pale Nairobi? New York Times waliweka picha ya miili ya watu wamekufa mezani walipokuwa wameketi. Nchi nzima iliwaka. Wakajitetea kwamba wanaonyesha uhalisia wa ukatili. Sisi tuliuliza, wafu wenu mwawaonyesha hivyo? Naomba nisiulize swali hilohilo hapa kwetu.

#36 Sauti_ya_Bondeni

Bi Mkubwa, kweli tupu.

#37 Chuma_cha_Reli

Bi Mkubwa, naomba nitofautiane kwa adabu. Ile ya DusitD2 iliwavua watu stara. Hii haimvui huyu mama kitu. Kasimama wima, kajitanda, katupa mgongo. Tena tazameni mwezi wenyewe wa Aprili 1994. Rwanda mauaji yalianza tarehe 7. Afrika Kusini, mpiga picha Ken Oosterbroek kauawa Thokoza tarehe 18, uchaguzi ukaja tarehe 27. Kamera zote kubwa za dunia zilikuwa huko, na haki yao. Tarehe 29 Mtongwe ikazama na watu 272. Nani alikuwa na nafasi ya kututazama? Mpiga picha wa kibandani. Tukizificha na hizi, nini kitabaki cha siku ile?

#38 Bi_Mkubwa_wa_Kuze

Tutabaki sisi tuliokuwepo. Muulizeni Nahodha.

#39 Nahodha_Mstaafu

Bi Mkubwa, mimi ningependa ibaki. Lakini mimi si mwenyewe.

#40 Binti_Kibokoni

Nimezisoma zote mbili, ya Bi Mkubwa na ya Chuma, nikazisoma tena. Nimemuuliza mama pia. Mama kasema baba ile bahasha alikuwa akiihamisha kila walipohama nyumba, wamehama mara nne, na hakuwahi kuifungua mbele yake.

Nimeiondoa picha. Sijasema sitairudisha. Kwanza nakwenda na Mzee Pazia, kama atakubali, nikaulize pale feri na Mtongwe kama kuna anayemjua. Akiwa hai nitampelekea nakala, na yeye ndiye atakayesema.

Dai langu la namba 1 sijaliacha, ila sasa lina mashimo.

#41 Mzee_Pazia

Nitakuja. Asubuhi, kabla ya jua kali. Magoti yangu si yale.

#42 Mkuu_wa_Tanga

Na mimi nikipita Mombasa mwezi ujao nibebe machungwa?

#43 Mvita_Kindakindaki

Beba. Mahamri na mbaazi juu yangu, pale Kibokoni.

#44 Upepo_wa_Kusi

Nimechelewa jamani. Kiambatisho hakifunguki. Mtu anielezee, ni picha ya nini hasa?

#45 Kamera_Mkononi

Mama amesimama kivukoni, anatazama upande wa Mtongwe. Mkono wa kulia kashika jozi ya makubadhi ya kiume. Muuza kahawa nyuma yake amenyamaza.

#46 Sauti_ya_Bondeni

Mkono wa kushoto. Wa kulia ilikuwa ile iliyogeuka.

#47 Nahodha_Mstaafu

Na si jozi. Mimi niliona kiatu kimoja.

#48 Kamera_Mkononi

Ami, zilikuwa mbili. Binti mwenyewe kaandika makubadhi.

#49 Nahodha_Mstaafu

Makubadhi ni makubadhi, moja au mia. Niliona kimoja.

#50 Binti_Kibokoni

Nimeitoa mkebeni nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, dirishani, mara tatu. Kimoja chaonekana wazi, kisigino kimelika upande wa nje. Nyuma ya mkunjo wa leso kuna kitu cheusi. Chaweza kuwa cha pili. Chaweza kuwa kivuli cha mkono wake. Fundi, una skana yenye uwezo kuliko hii yangu?

#51 Fundi_Lenzi

Ninayo. Ilete Jumamosi, ndani ya karatasi, usiiweke kwenye plastiki.